Anayemwita mwenzake mkabila ataje maneno aliyoyasema

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo limezidi kushika kasi katika makundi yetu ya WhatsApp na Facebook kadiri Uchaguzi Mkuu wa Agosti 2027 unavyokaribia, nalo ni wepesi wa watu kuitana wakabila, wadini na wabaguzi. Sizungumzii ukabila wenyewe, ambao hakuna Mkenya atakayeweza kukana kwamba upo. Nazungumzia shutuma ya ukabila: inavyotolewa, inatolewa wakati gani, na ikishatolewa inafanyiwa nini. Maoni yangu ni kwamba mtu anayemwita mwenzake mkabila mbele ya mamia ya watu amemshtaki, na mashtaka hayana budi kutaja maneno yaliyosemwa na kuonyesha ni nani aliyelengwa nayo. Shutuma isiyofanya hivyo haifai kusikilizwa, na hasa haifai kupokewa badala ya jibu la swali lililoulizwa.

Najua baadhi ya wasomaji watataka kwanza kujua mwandishi wa barua hii ni wa kabila gani ndipo waamue kama wataendelea kusoma. Tabia hiyo ni sehemu ya ninayoyalalamikia, kwa hivyo sitasema.

Katika mtaa ninaoishi, Kisauni, tuna kundi la wakazi lililoundwa kwa ajili ya mambo ya maji, taka na usalama. Pampu ya kisima chetu ilipoharibika tulichangishana kwa M-Pesa, na wiki zikapita pampu mpya isionekane. Mama mmoja jirani akaandika, kwa adabu ambayo kila mtu aliiona: “Assalamu alaykum ndugu zangu. Kaka mweka hazina, tunaomba taarifa ya M-Pesa tujue tumefika wapi, maana bado twanunua maji ya mikokoteni.” Jibu lililokuja halikuwa na hesabu wala tarehe. Lilisema: “Tangu tuchague mtu ambaye si wa kwenu hamlali. Huo ni ukabila mtupu.”

Kabla ya swala ya adhuhuri kundi lilikuwa limegawanyika. Zilitumwa sauti ndefu za watu wenye hasira, zikatumwa picha za machafuko ya zamani, wengine wakaanza kuorodhesha nani ana nyumba ngapi za kupangisha mtaani na baba yake alitoka wapi. Kijana mmoja, ambaye sina kumbukumbu ya kuona jina lake kwenye orodha ya waliochangia, aliandika kwamba Kisauni ina wenyewe, na wakuja wafungashe virago mapema kabla hawajafungashiwa. Alipoulizwa ana maana gani alijibu kwamba ni utani. Hapo msimamizi wa kundi akalifunga ili wasimamizi pekee waweze kuandika, kisha akawaondoa watu watatu: mama aliyeuliza, jamaa mmoja aliyemtetea mweka hazina kwa ukali, na kijana yule wa virago. Wote watatu waliandikiwa neno moja, kwamba hapa hatutaki ukabila. Taarifa ya M-Pesa hatujaiona hadi leo.

Tazama, Mhariri, yaliyotendeka hapo. Mmoja aliuliza swali la fedha, wa pili alikasirika, wa tatu alitoa tisho dhidi ya majirani zake kwa sababu ya asili yao. Matendo hayo matatu hayafanani hata kidogo, lakini yalipewa jina moja na adhabu moja. Aliyetoa tisho alifaidika, kwa kuwa kosa lake lilizama ndani ya yale yasiyokuwa makosa, na wiki iliyofuata alikuwa anatembea mtaani akijieleza kuwa ameonewa pamoja na wenzake wawili. Mama aliyeuliza swali alipata hasara, maana sasa anajulikana kwa sifa ambayo hakuna aliyeweza kuonyesha ameipataje. Na mweka hazina alijifunza kwamba ipo ngao isiyohitaji risiti.

Nasisitiza kwamba sisemi shutuma za ukabila ni za uongo kwa kawaida yake. Sisi wa Mombasa tuna sababu zetu za kuyachukulia maneno ya virago kwa uzito. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na katika mashambulizi yaliyofuata dhidi ya watu wa kutoka bara zaidi ya watu 100 waliuawa na takriban watu 100,000 wakahama makwao. Vijikaratasi vya kuwataka wabara waondoke vilikuwa vimesambazwa, na bila shaka walikuwepo watu waliovisoma wakacheka wakidhani ni utani. Miaka kumi baadaye, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ujumbe mfupi wa simu ulibeba uchochezi nchi nzima, na Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ikahesabu watu 1,133 waliouawa. Wakati huo ujumbe ulihama kutoka simu moja hadi nyingine. Leo kundi moja la WhatsApp linaweza kuwa na watu 1,024, na ujumbe huwafikia wote kabla mwandishi hajaweka simu mfukoni. Kwa hivyo anayesema kwamba maneno ni maneno tu, na kwamba tusiwe wepesi wa kuumia, hajasoma historia ya mji wake mwenyewe.

Lakini ni kwa sababu hiyo hiyo ninataka shutuma zitolewe kwa uangalifu. Kengele ya moto inayolia kila mtu anapokaanga samaki haitamwamsha yeyote siku nyumba itakapowaka.

Sheria yetu wenyewe ina uangalifu ambao makundi yetu hayana. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 hakimwadhibu mtu kwa kutaja kabila, wala kwa kusema jambo lisilowapendeza watu wa jamii fulani. Kinamtaka mshtaki aonyeshe mambo mawili: kwanza, kwamba maneno yalikuwa ya kutisha, ya matusi au ya kudhalilisha, pili, kwamba msemaji alikusudia kuamsha chuki ya kikabila, au kwamba, kwa kuangalia hali yote ilivyokuwa, chuki hiyo ilielekea kuamka. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kufungwa jela kwa muda usiozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Katiba nayo, katika Kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza na papo hapo inaunyima ulinzi huo uchochezi wa vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Ukiyapima maneno ya mama wa kisima kwa kipimo hicho, hayagusi hata ukingo wake. Ukiyapima ya kijana wa virago, mtu mzima anaweza kuyajadili kwa saa nzima na bado asiyaone kuwa utani.

Mahali ambapo shutuma hii inatudhuru zaidi, kwa maoni yangu, ni katika mjadala wa kazi za umma. Kifungu cha 7 cha Sheria hiyo hiyo ya Uwiano na Utangamano kinasema kwamba hakuna taasisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika Kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuingilia zijazwe na watu wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti husika. Masharti haya hayawezi kutekelezwa bila kuhesabu makabila. Mtu hawezi kujua kama theluthi imepitwa ikiwa ni haramu kuuliza nani ameajiriwa na anatoka wapi.

Na hesabu hizo zimewahi kufanywa na chombo cha serikali. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ambayo wengi wetu tunaiita NCIC, ilitoa mwaka 2011 ukaguzi wake wa kwanza wa makabila katika utumishi wa umma, ikaonyesha kwamba Wakikuyu walikuwa asilimia 22.3 ya watumishi na Wakalenjin asilimia 16.7, ilhali katika sensa ya mwaka 2009 jamii hizo zilikuwa takriban asilimia 17 na asilimia 13 ya Wakenya. Nimeshuhudia kijana anayetafuta kazi akiziweka tarakimu hizi katika kundi la waliosoma naye, bila tusi lolote, akiuliza tu kama hali imebadilika tangu wakati huo. Aliambiwa anachukia Wakikuyu. Mwingine akamwambia anawachukia Wakalenjin kwa sababu ya aliye Ikulu. Hakuna aliyemwambia kwamba tarakimu ni za kale, au kwamba hazionyeshi sifa za kielimu za waombaji, au kwamba jamii zilizo karibu na Nairobi zilipata shule mapema zaidi, hoja ambazo zote zingekuwa halali na zingemlazimu afikiri zaidi. Alizimwa kwa neno moja, na wale waliokuwa wakifuatilia kimya wakajifunza kwamba kusoma ripoti ya Tume hadharani ni hatari kuliko kunung'unika pembeni na watu wa kabila lako. Hapo ndipo ukabila hukua: katika makundi yale mengine, ya lugha moja, ambako hakuna wa kupinga na kila tarakimu huongezwa chumvi.

Hapa Pwani mambo ni magumu zaidi kwa sababu ya ardhi. Mtu akiuliza ni nani alipewa viwanja vya ufuoni na kwa utaratibu gani, huambiwa ana chuki na wabara. Lakini ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza kwa kirefu jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria nchini, na ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 ilizitaja dhuluma za ardhi za Pwani kuwa miongoni mwa mambo yanayozaa uhasama. Tume hizo hazikuwa za wakabila. Kwa upande wa pili, liko suala la shamba la Waitiki la Likoni, lenye zaidi ya ekari 900, ambalo mwenyewe aliondoka wakati wa machafuko ya 1997, na ambalo serikali ililichukua kwa fidia na kuanza kuwagawia maskwota hatimiliki mwaka 2016. Anayesema kwamba mtu yule pia alidhulumiwa, kwa kuwa alikuwa na hati na alifukuzwa kwa sababu ya asili yake, huambiwa ni msaliti wa Wapwani. Jamii mbili zenye malalamiko ya kweli zimebaki zinarushiana neno moja, na hakuna inayosikia malalamiko ya mwenzake.

Kuhusu dini nitasema kidogo. Muislamu anayelalamika kwamba kijana wake husimamishwa na polisi kwa sababu ya kofia na ndevu huambiwa analeta udini. Mkristo anayeuliza kwa nini spika zinalia usiku wa manane huambiwa anachukia Uislamu. Na mkazi wa Mombasa mwenye asili ya Garissa aliyewahi kupigwa msasa kwa miezi ili apate kitambulisho, utaratibu ambao Rais alitangaza mwezi wa Februari 2025 kwamba unaondolewa, alikuwa akiambiwa ashukuru kwamba nchi inalindwa dhidi ya magaidi. Kati ya hao watatu, ni wawili wanaolalamikia kutendewa kwa sababu ya walivyo, na mmoja anayelalamikia kelele. Mtu yeyote anayesoma maneno yao ataona tofauti. Anayesoma majina yao tu hataiona.

Niwageukie sasa wanaoshutumiwa, kwa sababu nao wana desturi mbaya. Mkenya akiambiwa kwamba alichosema ni cha kikabila, hukimbilia kueleza moyo wake: ameoa Mluo, msimamizi wa harusi yake alikuwa Mkamba, amepangisha nyumba kwa Wasomali kwa miaka mingi na hajawahi kugombana nao. Huenda yote hayo ni kweli. Hayajibu lolote. Baadhi ya maneno mabaya kabisa niliyowahi kuyasoma kuhusu jamii fulani yaliandikwa na watu waliooa katika jamii hiyo. Shutuma iliyotaja maneno inastahili jibu kuhusu maneno: ama hukuyasema, ama yalikuwa na maana nyingine na uieleze, ama uyaondoe. Kuleta mashahidi wa tabia njema kabla hujaulizwa kuhusu tabia ni njia ya kuukwepa mjadala, sawasawa na ile ya mweka hazina, ila kwa upande wa pili.

Mbinu ya kutoa orodha ya maneno haijatusaidia vya kutosha. Mwezi wa Aprili 2022, kabla ya uchaguzi, NCIC ilitangaza orodha ya maneno ambayo ilisema yanaweza kutumika kuchochea chuki, yakiwemo “madoadoa”, “mende”, “kwekwe” na “wabara waende kwao”. Naielewa nia yake, na baadhi ya maneno hayo yana historia ya damu katika Bonde la Ufa. Lakini mchochezi hana uaminifu kwa neno lolote. Likipigwa marufuku hubuni jingine, au hutuma kikaragosi cha mdudu na ufagio, na watu wake wakaelewa. Wakati huo huo mkulima anayeuliza dawa ya kuua mende katika kundi la wakulima anageuzwa mzaha. Orodha inatazama neno. Sheria, kama nilivyoeleza, inatazama kusudi na hali. Tungefuata sheria.

Sitawasahau wanasiasa, ingawa ningependa. Mwezi wa Juni 2016 wanasiasa wanane wa mirengo miwili iliyohasimiana walikamatwa kwa madai ya matamshi ya chuki na kulala rumande jijini Nairobi kwa siku kadhaa. Walipotoka walikuwa wametaniana na kupatana, nchi ikawapachika jina la utani, na baadhi yao wakaendelea kupanda vyeo. Wafuasi wao waliotukanana kwa niaba yao hawakuwa na seli ya kukutania. Tangu sheria ya 2008 ipitishwe, wakubwa waliohukumiwa kwa kosa hili ni wachache mno, na pengo hilo ndilo linalowafanya wananchi wajichukulie wenyewe kazi ya kushtaki, kuhukumu na kufukuza, kwa kidole gumba, bila kumsikiliza mshtakiwa.

Nina maombi mahsusi. Ombi la kwanza ni kwako, Mhariri. Magazeti yetu, na lako likiwemo, huripoti mara kwa mara kwamba mbunge au mwanablogu fulani amehojiwa kwa matamshi ya chuki, na habari ikaisha bila msomaji kuambiwa alisema nini. Najua mnaogopa kuyasambaza maneno yale, na hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo mnatuachia kuamua kwa kutazama jina la mtu na chama chake, jambo ambalo ni ukabila mliotusaidia kuufanya. Yanukuuni maneno pale yanaponukulika, au yaelezeni kwa ukamilifu kiasi cha msomaji kuweza kuyapima, na mtueleze pia kesi iliishaje. Mara nyingi tunaambiwa mtu alikamatwa. Ni nadra kuambiwa aliachiliwa kwa sababu gani.

Ombi la pili ni kwa NCIC. Itoe kwa Kiswahili chepesi mifano ya kauli zilizovuka mpaka na zisizovuka, pamoja na sababu, na ichapishe hesabu mpya za ajira za umma katika kila kaunti mapema, kabla kampeni hazijachacha, ili anayezitaja aweze kusema amezitoa wapi. Mtu akiwa na ukurasa wa Tume mkononi ni vigumu kumnyamazisha kwa kumwita jina.

La mwisho ni kwa wasimamizi wa makundi, kazi ambayo haina mshahara wala shukrani, na ambayo mimi binafsi nisingeitaka. Anapolalamikiwa mtu kwamba ni mkabila au mdini, mwombeni mlalamishi anukuu sentensi yenyewe na aseme inamlenga nani. Akishindwa, mjadala uendelee na swali la awali lijibiwe. Akiweza, mshutumiwa apewe nafasi ya kujibu kuhusu sentensi hiyo na si kuhusu ukoo wake. Na aliyetisha watu aondolewe peke yake, kwa jina la kosa lake, bila kufungashwa pamoja na mtu aliyeuliza hesabu ya pesa.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa